Daktari wa karibu, bingwa wa kiungo au bingwa wa mzio: pumu yako uipeleke kwa nani?

Ukurutu unaowatoka watoto kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti wengi wetu tunauita pumu ya ngozi. Jina hilo halikutungwa na daktari, lakini limeona mbali, kwa kuwa mtoto mwenye ngozi ya namna hiyo ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kuanza chafya na mafua yasiyoisha akifika umri wa shule, na pengine kubanwa kifua usiku. Kinga ya mwili ni ileile moja, inayoshtushwa na vitu ambavyo watu wengine huvivuta na kuvila bila kuvihisi. Hospitalini, hata hivyo, ngozi ina mlango wake, pua ina wake na kifua kina wake, na mgonjwa huzunguka na kadi tatu na mfuko wa dawa, hadi siku anapoambiwa kwamba yuko daktari wa mzio anayeyatazama yote kwa pamoja. Hapo ndipo swali linapoanza: nifunge safari, au huyu wa karibu anatosha?

Bingwa wa mzio na kinga ya mwili ni daktari aliyesomea kwanza fani pana, kisha akaongeza mafunzo ya mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Nchini Marekani, kwa mfano, humaliza miaka 3 ya magonjwa ya ndani au ya watoto ndipo aongeze miaka isiyopungua 2 ya mzio na kinga. Afrika Mashariki mabingwa wa namna hiyo ni wachache mno na wamejikusanya katika miji mikubwa. Wengi tunaowaita madaktari wa mzio ni mabingwa wa watoto, wa kifua au wa masikio, pua na koo walioongeza mafunzo hayo, na Cape Town ni miongoni mwa vituo vya barani vinavyoyatoa. Uhaba huo ndio unaoufanya uchaguzi uwe mgumu, maana kumfikia ni gharama, na kutomfikia wakati anahitajika nako ni gharama.

Njia tatu na vigezo vinne

Njia ya kwanza ni daktari wa karibu, yaani daktari au tabibu wa kituo cha afya au wa hospitali ya wilaya, ambaye Kenya utamkuta kwenye vituo vya ngazi ya 3 na hospitali za ngazi ya 4. Njia ya pili ni bingwa wa kiungo: wa kifua, wa masikio, pua na koo, wa ngozi, na kwa urahisi wa maelezo nitamweka humo pia bingwa wa watoto, ingawa mtoto si kiungo. Hao hupatikana katika hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Kenyatta ya Nairobi, na katika hospitali binafsi za mijini. Njia ya tatu ni bingwa wa mzio mwenyewe.

Nimezipima kwa mambo manne: uwezo wa kutambua ugonjwa na kitu kinachouchokoza; tiba ambayo kila mmoja anaweza kuitoa; gharama, umbali na muda; na ufuatiliaji baada ya siku ya kwanza.

Duka la dawa sikuliweka kwenye mizani, na si kwa dharau. Mfamasia makini atakueleza kwamba chlorpheniramine, ile ambayo wengi huiita Piriton, huleta usingizi, na kwamba cetirizine na loratadine hazisinzishi kiasi hicho, na kwa mtu ambaye shida yake ni chafya za wiki mbili kwa mwaka, maelezo hayo yanatosha. Ila hakuna anayepimwa kifua akiwa amesimama kaunta, na pumu inayotibiwa kaunta kwa miaka huwa haina jina, haina kumbukumbu na haina mpango.

Dharura nayo haimo katika ulinganisho huu. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mtoto ambaye mbavu zinabonyea kila anapovuta hewa, au mtu aliyevimba midomo na kuishiwa nguvu muda mfupi baada ya kula kamba au kung'atwa na nyuki, apelekwe kwenye kituo chochote kilicho karibu zaidi. Kwa mzio mkali wa ghafla dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, ambayo kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake.

Kutambua ugonjwa na kinachouchokoza

Daktari wa karibu ana faida moja ambayo mabingwa huisahau: anaona magonjwa yote. Mtu akija na kikohozi cha wiki 2 au zaidi atafikiria kwanza kifua kikuu na kuagiza makohozi yapimwe; akiona miguu imevimba atasikiliza moyo; akielezwa kwamba mtoto alianza kukoroma kifua ghafla alipokuwa akitafuna karanga, atashuku punje iliyoingia kwenye njia ya hewa. Kuitenganisha pumu na hayo yote ni kazi kubwa, na hufanywa kwa maswali, stethoskopu, na kile kibomba cha plastiki cha kupuliza kinachopima kasi ya pumzi, ikiwa kituo kinacho. Upungufu wake uko kwenye chanzo. Foleni ni ndefu, dakika ni chache, na mara nyingi utaambiwa tu "epuka vumbi na baridi," ushauri ambao anayeishi kando ya barabara ya vumbi hajui aanze nao wapi.

Bingwa wa kiungo anakwenda ndani zaidi ya kiungo chake. Wa kifua ana spirometa: unapuliza, unavuta dawa ya kufungua njia ya hewa, unasubiri, unapuliza tena, na kwa mtu mzima ongezeko la angalau asilimia 12 na mililita 200 katika hewa inayotoka sekunde ya kwanza ni ushahidi kwamba njia za hewa zilikuwa zimebana na zinafunguka, jambo ambalo ndiyo sura ya pumu. Wa masikio, pua na koo huchungulia na kukuta nyama za pua au mfupa uliopinda, vitu ambavyo hakuna kidonge cha mzio kitakachovinyoosha. Wa ngozi ana kipimo cha kubandika mgongoni, kinachosomwa baada ya siku 2 na kurudiwa siku ya tatu au ya nne, na hicho ndicho kinachomnasa fundi ujenzi anayedhurika na saruji, mbanguaji wa korosho anayebabuliwa na mafuta ya maganda, na bibi harusi wa pwani aliyetoka malengelenge kwa piko. Hina yenyewe mara nyingi haina kosa. Kosa ni la rangi nyeusi ya nywele inayochanganywa humo.

Bingwa wa mzio huanza na kitu kisicho na mashine, yaani mazungumzo marefu. Atauliza godoro lina miaka mingapi, nani anapika kwa mkaa na mlango ukiwa umefungwa, chetezo cha udi hufukizwa chumba gani, kifua hubana kazini au nyumbani, na je, hutulia ukisafiri. Ndipo hufuata kipimo cha ngozi. Binti yangu alipopimwa akiwa na miaka 9, nilitarajia sindano na kilio. Muuguzi alimchorea kalamu mistari kwenye mkono upande wa ndani, akadondosha matone madogo kumi na mawili, kisha akalitoboa kila tone kwa ncha ndogo ambayo haikutoa hata damu. Tukakaa. Baada ya kama dakika 15 vilikuwa vimeinuka vivimbe vitatu mithili ya vya mbu. Kimoja ni cha histamini, kinachowekwa makusudi ili kuonyesha kwamba ngozi inaitika. Vingine viwili vilipimwa kwa rula, kwa kuwa kinachohesabika ni uvimbe unaozidi ule wa tone la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi.

"Daktari, huyu mbu mkubwa ni nani?" mtoto akauliza.

"Huyo ni mende, mwanangu. Na jirani yake ni utitiri wa vumbi, anakaa kwenye godoro."

Tone la paka lilikuwa limelala tuli, nami nikainamisha macho, maana paka wetu tulikuwa tumeshamhamishia kwa shangazi wa binti yangu, kule Pongwe, miezi minne kabla.

Kipimo hicho, pamoja na kile cha damu kinachotafuta kingamwili ziitwazo IgE kwa kila kichokozi, ndiyo silaha ya bingwa wa mzio, lakini thamani yake iko katika kuyasoma majibu zaidi ya kuyapata. IgE zilitambuliwa miaka ya 1960, na tangu hapo imejulikana kwamba minyoo nayo huzipandisha sana. Kwa hiyo kwa mtu aliyekulia mahali penye minyoo, jumla kubwa ya IgE kwenye karatasi ya maabara haimaanishi kwamba ana mzio. Isitoshe, utitiri, mende na kamba wana protini zinazofanana, na damu ya mtu anayeshtushwa na mende inaweza kuonyesha kamba, ilhali mwenyewe amekula wali wa kamba maisha yake yote bila kudhurika. Kipimo chanya bila dalili si ugonjwa. Daktari asiyelijua hilo humnyima mtoto samaki, mayai na maziwa kwa mkupuo, na mtoto huyo hukonda kwa karatasi. Viko pia vipimo vya damu vinavyouzwa kwa orodha ndefu za vyakula na kupima IgG, kingamwili za aina nyingine. Vyama vya mabingwa wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimevikataa kwa kazi hiyo, na pesa yako ni heri uinunulie chandarua.

Tiba

Hapa wengi hudhani kwamba kadiri unavyopanda ngazi ndivyo dawa inavyokuwa kali. Kwa pumu ya kawaida haiko hivyo. Dawa yenye uzito mkubwa kuliko zote ni inhela ya kuzuia, yenye steroidi ya kuvuta kama beclometasone au budesonide, na daktari wa wilaya ana mamlaka yote ya kuiandika. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa herufi GINA, hauungi mkono tena mtu wa miaka 12 au zaidi kutibiwa kwa salbutamol peke yake, yaani ile inhela ya buluu inayofungua kifua kwa muda. Mwongozo huo unaonya kwamba anayemaliza kopo 3 au zaidi za mibonyezo 200 kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya shambulio kali, na kwamba kufikia kopo 12 kunahusishwa na kifo. Hesabu kopo zako kabla hujasoma aya inayofuata.

Kikwazo cha daktari wa karibu huwa ni stoo. Inhela ya kuzuia ikikosekana, mgonjwa hurudi kwenye vidonge vya salbutamol, aminophylline na sindano ya usiku, anapata nafuu, na anaamini kwamba ametibiwa. Prednisolone, yaani steroidi ya vidonge, ya siku chache wakati wa shambulio huokoa maisha, lakini anayeihitaji kila baada ya miezi michache anaitumia kuziba tundu ambalo inhela ya kuzuia ingeliziba, na mifupa, sukari na macho yake ndivyo vinavyolipa.

Kikwazo cha pili ni cha mkono. Niliwahi kumwona muuguzi wa kliniki ya wilaya akimwambia ajuza mmoja, "Shikamoo bibi. Hebu nioneshe unavyoivuta." Bibi akaitikia marahaba, akaitikisa inhela vizuri, akafumbua mdomo, akabonyeza, na wingu jeupe likatokea pembeni mwa midomo kabla hajavuta hewa yoyote.

"Hiyo dawa, bibi, umewanyunyizia mbu."

"Mwaka wa tatu huu, mwanangu, nafanya hivyohivyo."

Muuguzi akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa kisu kilichopashwa moto, tundu likatosha mdomo wa inhela kwa kubana, akaziba kando kwa gundi, kisha akampa bibi shingo ya chupa aiweke mdomoni na kupumua polepole. Watu wanaweza kudhani huo ni ufundi wa kimaskini. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawasawa na spesa ya dukani, yaani kile chombo cha kuunganisha inhela na mdomo; ile isiyozibwa ilikuwa dhaifu zaidi. Nimeeleza tukio hili kwa urefu kwa sababu wagonjwa wengi wanaotaka rufaa ya bingwa wanahitaji kwanza mtu wa kuwatazama wakivuta dawa, na mtu huyo yuko karibu nao.

Bingwa wa kiungo anakuwa na mengi ya kuongeza pale ambapo inhela inavutwa ipasavyo na bado kifua kinabana. Wa kifua hupandisha ngazi za dawa na kutafuta ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya pumu. Wa pua hutoa dawa ya kupuliza puani, na akikuta nyama huzikata; pua ikitulia, kifua nacho mara nyingi hupata nafuu. Wa ngozi hukufundisha kupaka, kwa kuwa pumu ya ngozi hushindwa kutibika zaidi kwa woga unaowafanya watu wapake steroidi kidogo mno, kuliko kwa ukosefu wa dawa yenyewe.

Bingwa wa mzio ana mambo ambayo wengine kwa kawaida hawana. La kwanza ni tiba ya kuzoesha mwili, iliyoanza London mwaka 1911 pale Leonard Noon alipowadunga wagonjwa chavua za nyasi kwa dozi ndogo zinazoongezeka. Hadi leo ndiyo tiba inayolenga tabia ya kinga yenyewe badala ya kutuliza dalili tu, na kwa mzio wa nyuki na nyigu mafanikio yake ni makubwa sana. Huchukua miaka 3 hadi 5, baada ya kila sindano mgonjwa husubiri dakika 30 chini ya uangalizi, na haianzishwi kwa mtu ambaye pumu yake haijatulia. La pili ni dawa za kibayolojia za pumu kali, yaani sindano za kingamwili zilizotengenezwa maabara, kama omalizumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ambazo bingwa wa kifua naye anaweza kuziandika. Bei yake huziweka mbali na wengi. La tatu halizungumzwi sana, nalo ni kufuta majina ya uongo. Mtu aliyeandikwa utotoni "ana mzio wa penisilini" kwa sababu ya vipele vya siku mbili hubeba maandishi hayo hadi uzeeni na kupewa dawa za ghali na dhaifu zaidi, ilhali tafiti za Marekani zinaonyesha kwamba takriban watu 9 kati ya 10 wenye maandishi hayo, wakipimwa, wanaivumilia dawa bila shida.

Kuhusu usafi wa nyumba, daktari yeyote atakuambia ufunike godoro, ufue mashuka kwa maji ya moto ya nyuzi 60 na uondoe mazulia. Bingwa wa mzio anakuambia lipi kati ya hayo linakuhusu. Sisi tulianza vita na mende, tukanunua foronya za zipu za godoro na mito, chetezo kikahamia barazani, na paka akarudishwa kutoka Pongwe.

Gharama, umbali na muda

Daktari wa karibu ndiye mwenye bei nafuu kuliko wote, na unafuu wake mkubwa uko kwenye nauli na siku ya kazi isiyopotea. Gharama iliyojificha ni dawa: kituo kikiishiwa inhela ya kuzuia utainunua famasi, na wengi huishia kununua ya buluu kwa kuwa ni rahisi na inafanya kazi papo hapo.

Kwa bingwa wa kiungo ongeza ada ya kumwona, vipimo, na foleni ya kliniki ambayo huwa na siku zake maalumu. Mwenye bima aanze na karatasi ya rufaa, iwe ni NHIF ya Tanzania au Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani Kenya mnamo Oktoba 2024, na aulize mapema kama kipimo anachokwenda kufanyiwa kimo ndani ya kifurushi chake.

Bingwa wa mzio ndiye ghali zaidi kwa safari moja, lakini safari hiyo inaweza kuwa moja tu. Kipimo cha ngozi hutoa majibu siku hiyohiyo. Cha damu mara nyingi hulipiwa kwa idadi ya vichokozi, hivyo orodha ndefu isiyotokana na maelezo ya mgonjwa ni hasara. Jambo linalowarudisha watu nyumbani mikono mitupu ni vidonge: aliyekunywa cetirizine jana hawezi kupimwa ngozi leo, kwa kuwa dawa huzuia vivimbe kuinuka hata kwenye tone la histamini. Kipimo cha damu hakiathiriwi na vidonge hivyo. Tiba ya kuzoesha nayo ina hesabu yake. Sindano za mwanzo huwa za kila wiki kwa miezi kadhaa kabla ya kuwa za kila mwezi, na kwa mtu wa Songea, aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, mpango huo hauingiliki. Dawa za kuweka chini ya ulimi, ambazo dozi ya kwanza hupewa mbele ya daktari na zinazofuata nyumbani, zinaweza kumfaa zaidi, zikipatikana.

Ufuatiliaji

Kwenye kigezo hiki daktari wa karibu ana nafasi nzuri, kwa kuwa pumu ni ya miaka na yeye yuko palepale. Anachohitaji ni kadi inayosomeka na maswali manne ya kila ziara kuhusu wiki 4 zilizopita: dalili za mchana zimezidi mara mbili kwa wiki? Umeamka usiku kwa ajili ya kifua? Inhela ya kufungua umeitumia zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi umeshindwa kuifanya? Bingwa wa kiungo hukuona kila baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi si yuleyule. Bingwa wa mzio hukupa mpango ulioandikwa, nao ni mzuri kama kuna mtu nyumbani kwenu atakayeusoma na kuutekeleza. Mpangilio ninaouona unafaa watu wengi ni wa bingwa kuandika na daktari wa karibu kusimamia, lakini unahitaji barua, omba barua, usikubali kuambiwa "mwambie tu."

Kwa hali yako

Ikiwa kifua hubana mara chache, hujawahi kulazwa, na hujawahi kutumia inhela ya kuzuia kwa miezi mitatu mfululizo huku ukiivuta sawasawa, daktari wa karibu ndiye wako kwa sasa. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye mafua ya mzio yanayotulizwa na dawa ya pua.

Ikiwa shida imejikita mahali pamoja, kwa mfano pua iliyoziba upande mmoja kwa mwaka mzima, ngozi inayotoka vidonda kwenye viganja tu, au kifua cha mtu mzima aliyevuta sigara miaka 20 na hajui kama alicho nacho ni pumu, bingwa wa kiungo hicho atakufikisha haraka kuliko mwingine. Umri mdogo unampendelea bingwa wa watoto: chini ya miaka 5 kukoroma kwa kifua kuna sababu nyingi, na spirometa haisaidii kwa kuwa mtoto hawezi kupuliza anavyoagizwa.

Bingwa wa mzio anastahili nauli ikiwa umewahi kupata mzio mkali wa ghafla, iwe kwa chakula, nyuki au dawa. Ikiwa mtoto ananyimwa vyakula vingi kwa kushuku na uzito wake haupandi. Ikiwa ngozi, pua na kifua vinasumbua kwa pamoja na dawa za kila kimoja hazijatosha. Au ikiwa umekusudia tiba ya kuzoesha mwili na unaishi mahali unapoweza kuihudhuria. Aliyewahi kulazwa chumba cha mahututi kwa pumu amwone bingwa, wa kifua au wa mzio, yeyote atakayepatikana kwanza, na asisubiri wa pili. Mfanyakazi ambaye kifua hubana kiwandani na kutulia likizo, awe kwenye katani, kahawa au unga wa mkate, aanze na wa kifua akiwa na vipimo vya kasi ya pumzi vya siku za kazi na za mapumziko, kisha wa mzio akihitajika, na asiache kazi kabla ya majibu kuandikwa, maana fidia hudaiwa kwa maandishi.

Yule asiye na uwezo wa safari yoyote bado ana la kufanya mwezi huu: daftari lenye tarehe, saa, alichokula, alipokuwa na alichovuta kila kifua kilipobana. Wiki 4 za daftari hilo humsaidia daktari wa wilaya kukaribia maswali ya bingwa, na ukija kusafiri baadaye ndilo litakalofupisha mazungumzo. Siku ya safari libebe pamoja na inhela zote, hata zilizokwisha, picha za vipele ulizopiga kwa simu na karatasi za vipimo vya zamani. Vidonge vya mzio uliza uviache lini, kwa kawaida ni siku 5 hadi 7 kabla ya kipimo cha ngozi. Inhela ya pumu usiiache hata siku moja.